Mzima Hubebwa Ameketi

Ukimsalimia Uwamwezi, usishangae akichelewa kukuachia mkono. Atakubonyeza kucha ya kidole gumba mpaka iwe nyeupe, ataiachia, kisha ataitazama mpaka wekundu urudi, huku midomo yake ikihesabu kimyakimya. Wekundu ukirudi upesi, atakuuliza habari za nyumbani kama watu wengine. Wekundu ukikawia, jiandae, maana hutatoka pale bila kulazwa. Amewafanyia hivyo padri, wauza jibini, na siku moja mwanajeshi aliyeingia kituoni kuuliza njia tu. Yule mwanajeshi alikuwa na malaria iliyokwisha kumtafuna ndani kwa ndani na mwenyewe hana habari. Alilala siku tatu kwenye kitanda cha dirishani, bunduki yake ikakaa stoo pamoja na mifagio.

Ni muuguzi, umri umepita hamsini, mfupi, ana sweta la kijivu lenye viraka kwenye viwiko. Wazazi wake walikuwa wakulima wa maharagwe na viazi kwenye vilima hivi hivi vya Masisi. Uuguzi alisomea kule chini, upande wa ziwa. Kituo chake cha afya kiko juu, mahali ambapo ukungu hauombi ruhusa kuingia ndani. Kina vitanda kumi na vinne, na viwili vya chumba cha kwanza ni vyake yeye. Hapo hulazwa wale ambao damu haizunguki tena inavyopaswa: aliyevuja damu nyingi, aliyeharisha mpaka maji yakamwishia mwilini, ambaye homa imemlegeza mishipa. Kituo hakina damu ya kuongezea mtu wala daktari wa kupasua. Kina kipimo cha presha, serumu ya kutundika mshipani, dawa chache, na Uwamwezi.

Watu husema ana mkono mzuri. Husema pia ana mdomo mbaya, na hapo hawamsingizii. Huwagombeza wanaume waliochelewesha wake zao, huwagombeza wake waliowaficha waume zao, na akikosa wa kumgombeza huigombeza serumu kwa kudondoka polepole. Mtu mmoja tu hajawahi kumpandishia sauti, naye ni Gasana, mfugaji wa kilima cha pili.

Gasana humtumia maziwa kila Ijumaa, tangu miaka kumi na miwili, ukitoa minne ambayo muuguzi alihamishwa. Kanisani, watu wakitoa shukrani, Gasana husimama na kusema kwamba Mungu alimpa dada asiyezaliwa na mama yake. Na binti yake wa mwisho, aliyepewa Uwamwezi kuwa jina la ubatizo ijapokuwa katekista alipinga, huitwa kwa jina hilo shuleni na nyumbani. Uwamwezi mkubwa akikutana na Uwamwezi mdogo njiani humpa mkono, humbonyeza kucha, na kupita haraka. Maziwa ya Ijumaa huwagawia wagonjwa. Yeye mwenyewe hajawahi kuonja hata tone, na watu hudhani maziwa yanamdhuru tumbo.

Heri ingekuwa tumbo.

Isimbi, mke wa Gasana, alijifungulia nyumbani asubuhi ya siku moja ya Novemba, miaka hiyo kumi na miwili iliyopita. Mtoto alitoka vizuri akalia vizuri. Kondo la nyuma likakataa kutoka, na damu ikaanza. Walipomfikisha kituoni, saa nne hivi, vitenge vitatu vilikuwa vimelowa, mikono yake ilikuwa baridi yenye jasho, na mapigo yake yalikuwa mbio na membamba mno, hata Uwamwezi aliyapoteza mara mbili chini ya vidole vyake. Presha ya juu ilikuwa sitini. Uwamwezi alifanya yote aliyofundishwa, na aliyafanya vizuri. Jambo hilo lazima lisemwe, maana yeye mwenyewe halisemi. Alilitoa kondo kwa mkono. Alikanda tumbo mpaka mji wa mimba ukajikaza. Alichoma sindano ya kuzuia damu, akafunga serumu mbili, mkono huu na mkono huu, akamlaza chali bila mto na kuiweka miguu yake juu ya blanketi lililokunjwa mara nyingi. Presha ikapanda mpaka themanini na nne. Isimbi akafumbua macho, akauliza kama mtoto amenyonya.

Lakini damu iliyomwagika haikuweza kurudishwa na maji ya chumvi, na damu ya kuongeza ilikuwa hospitalini, kando ya ziwa. Gari lingeweza kungoja barabarani tu, na barabara ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Wabebaji walikuja kumi na wawili, Gasana mwenyewe mbele yao, na kiti.

Hapo inabidi nikueleze habari ya kiti. Kwenye vilima vile mtu mzima, yaani aliye hai, hubebwa ameketi. Kiti hufungwa kwenye miti miwili, mgonjwa hukalishwa, hufungwa kitenge kiunoni asianguke, na uso wake huachwa wazi ili kila anayekutana naye aone macho yake. Anayebebwa amelala ni yule aliyekwisha. Watu wakiona machela yenye mtu aliyenyooka, huweka majembe chini, wanawake huanza kulia, na habari hukimbia kilima kwa kilima kwa simu na kwa midomo. Kabla hujafika barabarani, nyumbani kwako moto wa matanga umekwisha kuwashwa. Na mtu aliyeliliwa akiwa hai, waliamini, hana njia tena ya kurudi.

Uwamwezi aliwaambia wamlaze. Mama yake Gasana, kikongwe aliyekuwa na sauti kuliko wanaume wote kumi na wawili, akasimama mlangoni.

"Huyu si mufu," alisema. "Mukwe wangu iko muzima, anaongea, anauliza mutoto. Kama munamulalisha, watu ya njia watamulilia. Munataka afwe?"

"Mama, akikaa damu inashuka chini kwa miguu. Kichwa inabakia bila kitu," alisema Uwamwezi.

"Njo vile tunabebaka wagonjwa, toka wazee wetu. Na wanaponaka."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Uwamwezi alikuwa amefika kituoni miezi miwili tu kabla ya hapo. Mvua ilikuwa inajikusanya, na kubishana kwenyewe kulikuwa kunakula dakika za Isimbi. Alijiambia kwamba kiti kinaweza kuegemezwa nyuma kidogo. Alijiambia kwamba themanini na nne si haba. Akasema, "Haya, mumukalishe. Lakini tutoke sasa." Wakamkalisha.

Alitembea ubavuni mwa kiti, mfuko wa serumu juu, mkono mwingine kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa. Gasana alikuwa mbele, mti begani, mvua masikioni. Walipofika kwenye mikaratusi, Isimbi akapiga miayo. Miayo ile Uwamwezi aliijua. Ubongo ukikosa damu, mtu hupiga miayo kama aliyechoka kungoja. Kisha Isimbi akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia ila mtu aliyekuwa karibu na mdomo wake, "Munilaze." Uwamwezi akamjibu, "Vumilia, dada, tunakaribia." Haikuwa kweli. Walikuwa wamebakiza saa mbili.

Kwenye kijito akasema tena, "Munilaze." Neno moja tu lingetosha kuwasimamisha wale wanaume. Walikuwa watu wema. Wangenung'unika, lakini wangesimama. Uwamwezi hakulisema. Alikuwa ameshindwa kwenye mabishano mbele ya watu wote, na aliona haya kuyaanza tena katikati ya mvua. Ni haya tu, si kingine. Akaongeza kasi ya serumu, akainua mfuko juu zaidi, kana kwamba mkono wake ungeweza kufanya kazi ya mdomo wake.

Barabara ilikuwa imekwisha kuonekana kule chini, na gari jeupe likingoja, kichwa cha Isimbi kilipoanguka kifuani. Uwamwezi akapiga kelele wamshushe. Wakamshusha, wakamfungua kitenge, na ndipo walipomlaza, kwenye majani ya njiani, na Uwamwezi akamkandamiza kifua mpaka mikono yake ikafa ganzi. Gasana ndiye aliyemshika bega na kumwambia aache.

"Aksanti, dada," alisema. "Umetembea na sisi."

Kwenye daftari la kituo Uwamwezi aliandika kwamba mama huyo alifariki njiani kwa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Kila neno lilikuwa kweli. Ijumaa iliyofuata maziwa ya kwanza yakafika.

Mwaka ule ule aliomba ahamishwe. Wakampeleka Walikale, chini kwenye msitu. Kule joto hukaa hata wakati wa mvua, na matope mekundu hupanda mpaka magotini. Mtu wa ukungu kama yeye, mwezi wa kwanza alidhani ataoza. Akapangiwa chumba cha wagonjwa mahututi, vitanda vitano, chini ya muuguzi mkuu aliyeitwa Brigitte, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha wodi nzima. Brigitte alikuwa na namna yake ya kufundisha. Hakutoa kitabu. Alikuvuta kwa kola mpaka kitandani.

Siku moja waliletewa kijana wa machimbo aliyeangukiwa na udongo. Presha sitini na nane. Uwamwezi akanyoosha mkono kufungua serumu ya pili. Brigitte akamshika.

"Ngoja. Mbele ya kumupa maji, uliza mwili kwanza," alisema. "Mulalishe kabisa. Sasa inua miguu yote mbili. Damu yenye kulala mu miguu inarudia roho. Angalia tansiyo, hesabu dakika moja."

Uwamwezi akainua ile miguu, mizito, yenye matope ya shimoni. Akatazama kipimo cha presha. Sabini na nne. Themanini. Themanini na sita. Hakuna dawa iliyoingia, hakuna tone lililoongezwa. Miguu tu. Kijana akageuza macho, akaomba maji.

Brigitte alikuwa akieleza kwamba hiyo ni dalili njema, maana yake moyo wa huyu utaipokea serumu na kuitumia, si kama yule wa kitanda cha tatu ambaye maji yangemjaa mapafuni. Uwamwezi hakuwa anasikia. Aliiweka miguu ya kijana juu ya mto, akatoka nje nyuma ya jiko la wagonjwa, akalia kama hajawahi kulia tangu azikwe baba yake. Mpaka siku ile alikuwa na kitu cha kujificha nyuma yake. Vitabu husema hivi na vile, alijiambia, lakini mwanamke aliyetokwa na damu kiasi kile angekufa hata angebebwa na malaika. Sasa alikuwa ameiona tarakimu yenyewe ikipanda. Alijua kile kiti kilimnyang'anya nini Isimbi, na alijua kwa hesabu.

Brigitte alimfuata, akamsikiliza mpaka mwisho. Kicheko chake hakikuwapo siku hiyo.

"Sitakudanganya, dada yangu," alisema mwishowe. "Labda angekufwa tu. Labda hapana. Hautajua. Utatembea nayo vile."

Alikaa Walikale miaka minne. Alijifunza kusoma magoti yenye mabaka, dalili kwamba damu imeacha kufika huko, kuhesabu mkojo wa mgonjwa kama mama anavyohesabu matonge ya mtoto, kujua wa kupewa maji na wa kunyimwa. Aliwaokoa wengi. Kila aliyemuokoa alimkumbusha mmoja, na hili ndilo jambo ambalo watu waliokuwa wakimpongeza hawakulijua. Halafu akaandika barua, akaomba arudishwe kwenye kituo kile kile cha juu. Wakubwa walishangaa, hakuna anayeomba kurudi kule.

Alirudi na amri moja: ambaye presha yake imeshuka habebwi ameketi. Hapo ndipo ule mdomo wake mbaya ulipopata kazi. Aligombana na makanisa, na machifu, na akina mama wakwe wa vilima vitano. Aliyemsaidia ni Valens, mkubwa wa wabebaji, mtu mtulivu mwenye mabega ya ng'ombe dume. Valens ndiye aliyetoa wazo la mpiga mbiu. Mgonjwa alazwe, uso wazi, kichwa mbele, na mtu mmoja atangulie hatua hamsini akisema, "Muzima anapita, muzima anapita," ili majembe yasiwekwe chini wala mtu asilie. Vilima vikakubali kimoja kimoja. Sasa hata watoto huucheza mchezo huo, mmoja juu ya machela ya migomba, mwingine mbele akipiga mbiu.

Kilima cha kina Gasana ndicho peke yake kilichobaki na kiti chake. Na Uwamwezi, mgomvi wa vilima vitano, hakuwahi kwenda kugombana kule. Watu walidhani anamwonea huruma mjane. Ukweli ni kwamba wangemuuliza sababu, na sababu ilikuwa mke wa jirani yao. Mara mbili alikwenda kwa Gasana ameazimia kusema. Mara ya kwanza alikuta mtoto ana homa, akamtibu, akarudi. Mara ya pili Gasana alimkaribisha kwa furaha kubwa mno, akawaita majirani waje wamwone dada yake. Uwamwezi akanywa maji, akaaga. Kikongwe akafa bila kuambiwa. Miaka ikapita hivyo hivyo, na kila mwaka uliopita uliongeza uzito wa kusema.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Gasana alikuwa akiwapa ng'ombe wake chumvi. Dume mmoja akamsukuma na kumbana kwenye ua, ubavu wa kushoto. Alikaa kidogo, akasimama, akatembea peke yake mpaka kituoni, mkono ubavuni, akamwambia Uwamwezi kwamba anataka kidonge tu cha maumivu kwa sababu ana kazi. Uwamwezi akampokea mkono, akabonyeza kucha, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kucha bado nyeupe.

Dakika kumi baadaye alikuwa amemlaza, serumu mikono yote miwili, na presha ilikuwa sabini na tano. Tumbo lilikuwa linajaa upande wa kushoto; bandama ilikuwa imepasuka, na damu ilikuwa inamwagikia ndani, mahali ambapo hakuna mkono wa muuguzi unaofika. Aliinua miguu. Tisini. Akaacha serumu idondoke kwa kiasi tu, maana mwenye tundu ndani ukimjaza maji mengi unamfungulia bomba. Akapiga simu ziwani: daktari wa kupasua yupo, gari litangoja barabarani. Valens akaja na wenzake na machela.

Gasana alipoiona machela akaketi. Alijiinua kwa mikono yake mwenyewe kabla hajazuiwa, na uso wake ukawa kama majivu.

"Mi siko maiti," alisema. "Mulete kiti."

"Papa Gasana, lala," alisema Uwamwezi.

"Watoto wangu wataniona nikipita nimenyooka? Uwamwezi mudogo iko kwa masomo, pale njiani. Hapana. Mulete kiti."

Valens akajaribu kumweleza habari ya mpiga mbiu. Gasana hakumtazama. Alikuwa anamtazama muuguzi, na alimtabasamia kidogo, jasho likimtiririka, kama mtu anayemkumbusha ndugu yake jambo wanalolijua wao wawili.

"Dada, uliona Isimbi. Na ile damu yote, alikaa. Mwanamuke alikaa mpaka Mungu alimuita. Mimi mwanaume nilale?"

Uwamwezi aliweka kidole kwenye kifundo cha mkono wake. Mapigo yalikuwa yanaponyoka. Alijua ana dakika chache, na alijua kwamba safari hii hakuna sababu ya uongo itakayomlaza mtu huyu. Alikuwa amebakiwa na ile ya kweli. Aliogopa, nakwambia. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa bunduki. Angekubali kumpa figo yake, angekubali kumpa damu yake yote, asimpe hilo neno.

"Isimbi alikufwa kwa sababu alikaa," alisema.

Akaligusa godoro, akaendelea.

"Alikuwa amelala hapa, kitanda hii, na tansiyo ilipanda. Nilijua hapaswe kukaa. Nilijua, Papa Gasana. Mama yako alikataa, na mimi nikaogopa mabishano. Njiani alisema munilaze. Nilimusikia mimi peke yangu. Nikamuambia tunakaribia."

Gasana alimtazama. Tabasamu lilikuwa bado limebaki usoni, limesahauliwa pale.

"Alisema mara moja?" aliuliza.

"Mara mbili. Kwa mikaratusi, na kwa kijito."

Mtu huyu, ambaye watu wa kilima chake husema hawezi kupindwa na mvua wala jua, akaondoa mikono yake kitandani, kwanza mmoja, kisha mwingine, akarudi chini polepole mpaka kichwa kikagusa godoro.

"Basi munilaze," alisema, na akageuza uso upande wa Valens.

Wakatoka. Uwamwezi alitembea ubavuni, mfuko wa serumu juu. Mpiga mbiu alitangulia akisema muzima anapita, na wanawake kwenye mashamba ya maharagwe waliinua vichwa, wakaona macho wazi, wakamwitikia kwa salamu. Shuleni watoto walikuwa wamejipanga ukutani, na Gasana akainua mkono kwa binti yake, kidogo tu, mpaka pale mpira wa serumu uliporuhusu. Kwenye mikaratusi Uwamwezi alitazama chini. Kila nusu saa aliomba mkono wake abonyeze kucha, naye alimpa bila kumwangalia.

Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Valens na wabebaji wawili walitoa damu, wakarudi kilimani wakijisifu. Bandama ilitolewa, na Gasana akapona.

Uwamwezi alingoja siku tisa, akashuka ziwani kumwona. Alisafiri na chakula alichokipika mwenyewe na maneno aliyokuwa akiyapanga njia nzima. Alimkuta kitandani, amekonda, amekaa akitazama ziwa kupitia dirishani. Alimsalimia, na mkono aliopewa akauachia upesi, bila kubonyeza.

Gasana ndiye aliyeanza.

"Kama ungemulaza, angefika?"

"Sijui," alisema Uwamwezi. "Akilala tansiyo ilikuwa inapanda. Labda angefika, Papa Gasana. Siwezi kuapa. Labda."

Gasana alitikisa kichwa taratibu. Uwamwezi alingoja hasira. Aliitaka; alikuwa ameingoja miaka kumi na miwili, na ingelikuwa kitu cha kushika. Haikuja.

"Nilikuwa nimeisha kumulilia," alisema Gasana. "Unasikia? Nililia mwaka ya kwanza, mwaka ya pili, kisha ikaisha. Nilisema Mungu njo alimuita, hakuna mwenye angezuia, nikatulia. Nikalala usingizi. Sasa inabidi nianze tena."

"Nisamehe," alisema Uwamwezi.

"Usiniombe ile leo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekataa chakula kwa sababu hana njaa. Alipitisha kiganja usoni, akasogeza miguu yake chini ya blanketi ili pawe na nafasi. "Kaa. Unielezee ile siku yote, toka asubuhi. Mimi nilikuwa mbele, sikuona kitu."

Uwamwezi akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaanza na vile vitenge vitatu, akaja kwenye miguu iliyowekwa juu ya blanketi, akaja kwenye Isimbi kufumbua macho na kuuliza kama mtoto amenyonya. Hakuwa amefika hata kwenye mvua Gasana alipogeukia ukuta na kuanza kulia, na Uwamwezi akaendelea kusimulia, kwa sababu ndivyo alivyoombwa.